Luano–Kolwezi: kilomita 239 na nusu siku

Ukiuliza simu yako umbali wa ndege kati ya Lubumbashi na Kolwezi, huku kusini-mashariki mwa Kongo, kurasa za kukokotoa safari zitakujibu bila kusita: kilomita 239, au 240 kama zinapenda namba nzima, na muda wa angani dakika arobaini na kitu. Namba ya kwanza naiheshimu kwa sababu naweza kuihakiki mwenyewe kwa kalamu. Hiyo ya pili ndiyo inayowachelewesha watu kwenye mikutano.

Mimi ni mpima ardhi, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko Kolwezi. Katanga ya zamani ilipogawanywa majimbo manne mwaka 2015, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, na shaba na kobalti zikafanya mengine. Kila mwenye kiwanja kule anataka mipaka yake ijulikane kabla jirani hajaanza kuchimba. Kwa hiyo njia hii naijua kwa magurudumu na kwa mabawa, na nina maoni yangu juu ya zote mbili.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo raha yangu. Uwanja wa Luano, ndio wa Lubumbashi, uko kwenye nyuzi 11 na dakika 35.5 kusini, nyuzi 27 na dakika 32 mashariki. Uwanja wa Kolwezi uko nyuzi 10 na dakika 46 kusini, nyuzi 25 na dakika 30.5 mashariki. (Hizi ni dakika za ramani, si za saa.) Kutoka kusini kwenda kaskazini tofauti ni dakika 49.5. Kutoka mashariki kwenda magharibi ni dakika 121.5. Sasa, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na ndiyo maana marubani hawajaiacha maili hiyo hata wakiwa katikati ya bara kama sisi, mbali na bahari zote mbili. Dakika ya longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye nyuzi 11 unaizidisha kwa 0.98, na 121.5 inashuka kuwa 119. Baada ya hapo ni Pythagoras wa shule ya sekondari: 49.5 mara yenyewe, 119 mara yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo. Unapata karibu maili 129. Zidisha kwa 1.852. Kilomita 239.

Kwa mwendo mfupi namna hii mviringo wa dunia haukusumbui. Ukitaka Lubumbashi hadi Kinshasa utahitaji hesabu ya tufe, na itakupa kilomita 1,550 na kidogo. Lakini Kolwezi iko karibu kiasi kwamba karatasi bapa inatosha.

Kwa hiyo umbali hauna ubishi. Muda ndio wenye ubishi, na ubishi unaanza angani kabla hata hatujafika kwenye foleni.

Kurasa nyingi hufanya hivi: zinachukua kilomita, zinagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kitu kama kilomita 800 kwa saa, kisha zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Zigawe hizo 239 uone: dakika 18, jumlisha 30, ni 48. Ni hesabu safi kwa ndege ambayo pengine haipo. Mara nyingi kwenye njia fupi kama hii unapanda ndege ya panga boi. ATR 72 ikiwa imetulia juu inakwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Zile ndogo za Let 410, zenye viti 19, hazifiki 400. Na hata ikiletwa jeti, haipati nafasi ya kukimbia. Marubani wana kanuni yao ya kushuka: kwa kila futi 1,000 za kupoteza, weka maili 3 za mbele. Ukiwa futi 20,000 juu ya uwanja unaoendea, lazima uanze kuteremka maili 60 kabla, yaani kilomita 110 hivi. Toa hizo kwenye 239. Toa na zile ulizotumia kupanda. Katikati kinabaki kipande kidogo sana cha kwenda sawasawa, na mhudumu akichelewa na maji, anayagawa huku ndege imeshainamisha pua.

Halafu kuna uelekeo. Kolwezi iko magharibi yetu, ikiinamia kaskazini kidogo. Njia ya kurukia ya Luano imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, zaidi mashariki kwa magharibi, na ndege huruka zikiukabili upepo. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo mara nyingi unaondoka ukiipa Kolwezi kisogo, kisha ndege inapinda juu ya pori na kugeukia inakokwenda. Dakika chache zimeliwa. Upepo huohuo baadaye unakusukuma mgongoni, na ukirudi unakupiga usoni. Nimewahi kuifanyia hesabu hiyo kwenye kiti changu: upepo wa maili 20 kwa saa, ndege ya maili 270 kwa saa, tofauti kati ya kwenda na kurudi ni dakika nne na kitu. Watu wanaosema ‘kurudi ni mbali zaidi’ wana haki, ila si kwa kiasi wanachodhani.

Mvua ni jambo jingine. Kuanzia Novemba hadi Machi, mchana wa Katanga hujenga mawingu ya radi kama maghorofa, na rubani mwenye akili hapiti karibu nayo. Anazunguka maili nyingi pembeni. Hapo 239 yako imekuwa 280 bila mtu kukutangazia. Agosti na Septemba tatizo ni moshi wa pori linalochomwa: anga inakuwa rangi ya kahawia, na asubuhi unaweza kukaa Luano ukisubiri upande wa pili waone vizuri.

Na Oktoba? Oktoba ni joto, na watu hawaelewi joto linahusianaje na sanduku lao. Luano uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Kolwezi zaidi ya mita 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi: injini inapata pumzi kidogo, bawa linapata cha kuegemea kidogo, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili iinuke. Kama njia ni ileile na jua ni lilelile, kinachobaki kupunguzwa ni uzito. Ndiyo maana ndege ndogo ya saa nane mchana huweza kukufikisha wewe leo na mzigo wako kesho. Nikiwa na vyombo vya kupimia napanda ya asubuhi, basi. Tripodi yangu haina haja ya kulala peke yake ghalani.

Haya, tuseme hewa imekuwa njema na umekwenda dakika 40 kutoka magurudumu kuinuka hadi kugusa. Sasa ongeza ardhi.

Muda huu wote nauita ‘mlango kwa mlango’: kutoka mlango wa nyumba yangu hadi mlango wa ninayemwendea. Tiketi inaandika 11h00. Luano uko kilomita kama kumi kaskazini-mashariki ya katikati ya mji, mimi niko Katuba, upande wa kusini, kwa hiyo lazima niukate mji wote asubuhi ambayo kila mtu anaukata. Natoka 7h30. Nikifika kuna foleni ya kupima mizigo, foleni ya Go-Pass (ushuru wa viwanja vya ndege), foleni ya ukaguzi. Go-Pass hiyo ilianza mwaka 2009, wakati huo dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa za nje, na kuilipa hakuchoshi. Kinachochosha ni kutafuta noti ya dola ambayo haijachanika pembeni. Baada ya hapo unakaa. Ndege ya 11h00 ikitingishika saa 11h20 mimi naandika kwenye daftari kwamba imeondoka kwa wakati. Kolwezi tunagusa saa sita na kidogo. Mizigo, mlango, teksi, uwanja uko kilomita sita au saba kusini ya mji. Nikiwa mbele ya mteja wangu Dilala ni saa saba kamili.

Kutoka 7h30 hadi 13h00 ni saa tano na nusu. Za angani ni dakika 40.

Upande wa barabara: unaanza na Barabara ya Taifa namba 1, kilomita 120 hivi hadi Likasi, kisha 180 hivi kupitia Fungurume, unavuka Lualaba, unaingia Kolwezi. Jumla 300. Kwa maneno ya mpima ardhi, barabara imejikunja kwa robo tu ya umbali wa ndege, na kwa nchi hii hiyo ni barabara nyoofu sana. Lami iko. Kinachokula muda ni malori. Shaba nyingi ya Kolwezi inateremka kwa njia hiyohiyo kuelekea Kasumbalesa na Zambia, na asidi na mashine zinapanda kwa njia hiyohiyo. Ukikwama nyuma ya msururu wa malori mlimani, utasoma maandishi ya turubai lile hadi uyajue kwa moyo. Baisikeli za makaa nazo ziko pembeni, zikisukumwa na vijana wasiokuwa na kioo cha kuona nyuma. Halafu peyaje, ambako unalipa, na vizuizi vingine ambako unaeleza.

Ukiwa na gari yako na ukaondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano au sita baadaye uko Kolwezi. Basi zuri linakaribiana na hapo. Siku lori limelala kifudifudi katikati ya njia, hakuna hesabu itakayokusaidia, utafika utakapofika.

Kwa hiyo tazama: saa tano na nusu kwa ndege, saa sita kwa basi. Nauli ya basi ni sehemu ndogo ya nauli ya ndege. Watu wa ofisi za migodi hupanda ndege kwa sababu nyingine: makampuni mengi hayapendi wafanyakazi wao wakae barabarani, hasa usiku, na baada ya kuona ninayoyaona kando ya ile njia siwezi kuwacheka. Kama ni usalama, sema usalama. Lakini ukiniambia unapanda ndege ili uwahi, nitakuomba tukae na daftari.

Ukitazama vizuri, sehemu ya ardhini haijali unakokwenda. Ni karibu saa tano kwa Kolwezi, karibu saa tano kwa Kalemie, karibu saa tano kwa Kinshasa. Ni deni unalolipa ukishaamua tu kupanda ndege. Ndege inaanza kulirudisha pale kilomita zinapokuwa nyingi. Kalemie iko kilomita 660 hivi kwa mstari wa angani, na kwa ardhi ni kupitia Kasenga na Pweto na siku ambazo huzijui idadi mvua ikinyesha. Hapo sihitaji daftari. Mbuji-Mayi ni karibu 750, na mbadala wake ni njia mbovu au treni, ambayo ni rafiki wa mtu asiye na miadi. Hapo pia, ndege.

Kinshasa inastahili aya yake kwa sababu ya saa. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa na magharibi wako saa moja nyuma yetu. Jeti inatumia kama saa mbili na robo. Ukiondoka Lubumbashi 10h00, tiketi inasema unafika 11h15, na mtu anayesafiri mara ya kwanza anapiga kelele kwamba ndege za siku hizi zina mbio. Akirudi, anaondoka 13h00 na kufika 16h15, sasa analalamika kwamba wamempa ndege mbovu. Nimemsikia mzee mmoja mwenye heshima zake akieleza ukumbi mzima wa kusubiria kwamba ni kwa sababu Lubumbashi iko juu, ndege inapanda mlima. Hakuna aliyembishia. Hata mimi nilinyamaza, alikuwa anaeleza vizuri.

Na kama unataka mfano wa mstari mnyoofu uliodanganya vibaya kuliko yote katika eneo hili, ni wa mwaka 1961. Jioni ya Septemba 17, ndege ya DC-6 iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, iliondoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, ambako alitarajia kuzungumza na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Kwa mstari ni kilomita 1,740 hivi. Kwa ndege ile, safari ya saa tatu na nusu. Iliruka saa 15:51 kwa saa za Greenwich. Iliuambia mnara wa Ndola kwamba iko juu ya uwanja saa 22:10. Zaidi ya saa sita! Ilizunguka mashariki, upande wa Ziwa Tanganyika, ili isipite juu ya Katanga ambako ndege ya kivita aina ya Fouga ilikuwa inawinda ndege za Umoja wa Mataifa. Dakika chache baada ya maneno yale ikaanguka msituni karibu na Ndola, na sababu bado inachunguzwa. Ndola iko kilomita 200 tu kutoka Luano, karibu zaidi kuliko Kolwezi. Nikiwaza juu ya kurasa zile zinazotoa muda wa safari kwa kugawanya tu, nafikiria namba hizo mbili, tatu na nusu na sita.

Mifano ya siku hizi pia haiko mbali. Ukitafuta Goma hadi Kavumu, uwanja wa Bukavu, utapewa kilomita 85 hivi na muda wa dakika zisizotosha kumaliza soda. Namba ni sahihi. Lakini uwanja wa Goma ulifungwa kwa ndege za abiria Januari 2025 mji ulipochukuliwa na waasi, na Kavumu ukafuata Februari. Ukurasa hauna habari hiyo. Unaendelea kugawanya.

Hata bila vita, kurasa hizi hukupa safari zisizokuwepo. Kolwezi hadi Kalemie, kwa mfano: kilomita 680 hivi, saa moja na dakika ishirini, zinasema. Mimi nikitaka kwenda huko narudi kwanza Lubumbashi, kilomita 239 kwa upande usiotakiwa, nalala, kisha napanda ya Kalemie siku ile inapokwenda, kilomita 660. Jumla 900 na usiku mmoja, au usiku kadhaa kama umefika siku ambayo ratiba imelala. Kabla ya kuuliza ‘ni umbali gani’, uliza ‘ni siku zipi’.

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliitwa Kolwezi kwa mahojiano ya kazi, saa nane mchana. Akanipigia (kwetu ‘yaya’ ni ndugu mkubwa): “Yaya, mu simu banasema dakika makumi ine. Nitoke ku nyumba saa ngapi?” Alikuwa ameshaona tiketi ya 11h00 na alikuwa anataka kuongeza usingizi kidogo. Nikamtolea daftari lote kwa simu, nyuzi na dakika na malori, mpaka salio likaanza kulia. Nikamwambia apande basi la saa kumi na mbili, akae upande wa kushoto ili jua la asubuhi lisimpige kutoka nyuma kulia, na abebe shati la kubadili.

Alifika saa sita na dakika kumi. Mahojiano yalianza saa tisa na nusu kwa sababu mkuu aliyetakiwa kumhoji alikuwa bado Luano, anasubiri ndege.